Namba ya Jibu

Ilikuwepo nchi, na huenda ingalipo, maana hakuna barua iliyowahi kutolewa kuiondoa. Jina lake halitatajwa hapa. Si woga. Ni kwamba wakati wa mambo haya jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili liboreshwe, na lilikuwa halijarudi.

Nchi hiyo ilijaliwa baraka nyingi, na iliyozishinda zote ilikuwa Tegemeo. Tegemeo ilikuwa programu ya kompyuta, moja kwa nchi nzima. Ndiyo iliyoendesha pampu za maji, mizani ya pamba, mitihani ya shule, mageti ya stendi na mashine za hospitali. Ilinunuliwa mbali, kwa watu ambao hawakuonekana tena baada ya kupiga picha ya pamoja, na iliharibika kila siku kwa uaminifu mkubwa. Walioinunua hawakuona haja ya kununua na mafundi wake. Basi wananchi wenyewe, kwa kukosa pa kukimbilia, wakaanzisha jukwaa la msaada mtandaoni. Aliyekwama aliuliza, aliyejua alijibu, mambo yakaenda.

Aliyejua kuliko wote aliitwa Nambua Mchomvu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, zamani karani wa masjala katika Idara ya Maji, aliyepunguzwa kazini siku Tegemeo ilipoletwa kufanya kazi yake. Mtu mwingine angeichukia. Yeye aliikalia kitako, akaisoma tabia zake zote kama mtu anavyomsoma mke mwenza.

Kwa miaka tisa, kila asubuhi baada ya kumimina chai, aliketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua kwenye mnada wa idara ile ile iliyomwondoa, akajibu. Majibu yake hayakuwa na madoido. Mkulima akiandika, "Mizani inasema mimi ndiye mzigo na pamba ndiyo mwenye mali, nifanyeje?" Nambua alimwandikia: "Shuka kwenye mizani. Zima. Hesabu mpaka kumi. Washa." Mwalimu mkuu akilalamika kwamba wanafunzi wake wote wamefaulu mtihani ambao hawajaufanya, alimshauri asiguse kitu chochote mpaka matokeo yatangazwe. Alikwisha kujibu maswali elfu kumi na tisa. Hakulipwa, wala hakuomba kulipwa. Kuna watu wameumbwa hivyo. Nchi ile ilikuwa nao wachache, na ubaya ni kwamba ilianza kuwafahamu kwa majina.

*

Balaa lilianza kwa safari. Mheshimiwa Waziri wa Mifumo alihudhuria mkutano ng'ambo, na wakati wa chakula cha mchana mgeni mmoja akamwambia, "Tumesikia kwenu mna jukwaa zuri sana la kuwasaidia watumiaji. Watu wanajibiwa ndani ya saa moja." Mheshimiwa hakuwa amewahi kulisikia jukwaa hilo. Mtu mkubwa kusifiwa kwa jambo asilolijua ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Alitabasamu mpaka kitindamlo, akarudi nyumbani, akaunda Tume ya Kulipanga Upya Jukwaa.

Tume ilifanya kazi miezi minane. Ilitembelea nchi sita kujifunza, mbili kati yake zikiwa hazina kompyuta, na ikaandika ripoti nene kiasi kwamba siku ya kuikabidhi ilibebwa na watu wawili. Iligundua mambo ya kutisha. Kwamba maswali yalikuwa yamepangwa kufuata tatizo, pampu na pampu, mizani na mizani, bila kujali aliyeuliza ni nani, hata ikatokea swali la mkuu wa wilaya likakaa chini ya swali la mchunga mbuzi kwa wiki nzima. Kwamba watu walikuwa wanauliza ghafla, bila salamu, bila kutambua viongozi waliopo. Kwamba majibu yalikuwa yanatoka haraka mno, jambo lililowajengea wananchi dhana potofu kwamba matatizo ya nchi ni mepesi. Na zaidi ya yote, kwamba majibu elfu kumi na tisa yalikuwa yametolewa na mtu asiye na cheo.

Hatua zikachukuliwa. Maswali yote yakapangwa upya kufuata daraja la mwulizaji, kuanzia wakubwa kushuka. Kila swali likatakiwa kutanguliwa na aya tatu za itifaki. Neno "tatizo" likafutwa, likawekwa "changamoto". Baada ya wiki mbili ikaonekana kuwa "changamoto" nayo imeanza kunuka tatizo, likawekwa "fursa". Tangu hapo watu wakawa wanaandika, "Kijiji chetu kina fursa, hatujapata maji tangu mwezi wa tatu."

Majibu ya zamani yaliondolewa yote yakahakikiwe. Kujibu kukawa kazi ya Wajibu, yaani watoa majibu walioteuliwa, wenye madaraja manne, na kila jibu likapewa Namba ya Jibu. Ili wananchi wasiendelee kujitengenezea mambo kiholela, Tegemeo yenyewe ikaongezewa kipengele kipya, kwa bahati mbaya kipengele pekee ambacho hakikuwahi kuharibika. Mtu akitaka kurekebisha kitu chochote, pampu au mizani au mashine ya hospitali, Tegemeo ilimuuliza kwanza: "Namba ya Jibu?" Asipokuwa nayo, haikumruhusu hata akiijua njia kama aijuavyo njia ya kwenda chooni kwake.

Nambua alipelekewa barua. Ilimshukuru kwa mchango wake, ikamjulisha kuwa kuanzia tarehe ile yeye ni Mwananchi Mwulizaji, na kwamba kama waulizaji wengine wote anayo haki ya kuuliza swali moja kila robo mwaka. Aliisoma amesimama. Kisha akaikunja, akaenda kuosha vikombe, akaviosha mara mbili.

*

Jumatatu moja simu yake iliita saa moja asubuhi. Alikuwa muuguzi aitwaye Tumpale Mwasaka, wa Hospitali ya Wilaya ya Kisuluti, ambaye zamani alikuwa anamwandikia jukwaani karibu kila mwezi. Walikuwa hawajawahi kuonana, lakini waliitana dada na mdogo wangu.

"Dada, ile mashine ya kusafisha damu imefunga," Tumpale alisema. "Inaandika, 'Leseni inahakikiwa.' Nimewasha, nimezima, iko vile vile."

"Mwaka juzi ilifanya hivyo hivyo. Rudisha tarehe nyuma siku moja, zima, washa. Ikishaamka, irejeshe tarehe yake."

"Najua, dada. Ulinifundisha wewe. Nimefanya. Inaniuliza Namba ya Jibu."

Nambua aliweka kikombe mezani. Kisha akauliza swali ambalo hakutaka kulijua jibu lake. "Wagonjwa wangapi?"

"Sita. Wote walikuwa wasafishwe leo. Mashine nyingine iko mwendo wa siku moja na nusu, na kule wamesema wenyewe wamejaa, wanapokezana kitanda kimoja." Sauti ya Tumpale ilishuka. "Mwalimu Ntabaye ameniambia nikwambie shikamoo kwanza, mambo mengine baadaye. Hata kuvimba amevimba kwa adabu."

Mwalimu Ntabaye alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa miaka sitini na nane, mkubwa wa wodi ile kwa umri na kwa maneno. Wengine walikuwa mama lishe mmoja, dereva wa lori, wakulima wawili na binti aliyekuwa amechumbiwa. Figo za hawa sita zilikuwa zimelala, na uhai wao ulikuwa ndani ya mashine ile. Mtu wa namna hiyo asiposafishwa damu wiki moja, anaanza kuzama akiwa nchi kavu. Wiki ya pili hatoki. Kila mtu pale wodini aliijua hesabu hiyo, na Mwalimu Ntabaye ndiye aliyeijua vizuri zaidi.

Tumpale alikuwa amekwisha kutuma swali jukwaani tangu alfajiri, na aya zake tatu za itifaki. Lilikuwa nafasi ya elfu sita mia mbili na kumi na nne. Nafasi ya kwanza ilishikwa na mke wa katibu mkuu mmoja, aliyeuliza namna ya kuongeza mwanga wa skrini.

*

Jumanne Nambua alivaa gauni lake la ofisini, lile alilolivaa siku alipopunguzwa, akaenda Wizarani. Ofisi ya Jukwaa ilikuwa ghorofa ya tano, na lifti, ambayo nayo iliendeshwa na Tegemeo, ilikuwa inasubiri Namba ya Jibu. Alipanda ngazi.

Katibu wa Jukwaa alikuwa Dokta Sengasu. Udaktari wake ulikuwa wa heshima na ukatibu wake ulikuwa wa kukaimu, kama vyeo vyake vyote vya miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba mambo kama haya hufanywa na watu wabaya. Alimwona Nambua mlangoni, akainuka.

"Shikamoo, Mama! Karibu, karibu kiti. Nani asiyekujua wewe? Mshahara wangu ulipopotea miezi minne, nani alinionyesha ulipojificha?"

"Marahaba, baba. Nimekuja kuhusu Kisuluti." Akamweleza yote, mashine, wagonjwa sita, tarehe, kuzima na kuwasha. "Ni maneno kumi tu. Niruhusu niyajibu."

Dokta Sengasu alisikitika kwa moyo wake wote. Alitikisa kichwa, akashika shavu, akaagiza chai. "Mama, kama ingekuwa mimi, ungejibu sasa hivi. Lakini nikikuruhusu wewe usiye na daraja, kesho kila anayejua jambo atataka kulisema. Tutakuwa nchi ya namna gani?"

"Basi ajibu mwenye daraja. Nitamwambia cha kuandika."

"Mjibu akiambiwa cha kujibu na mwananchi, huyo amekuwa mwulizaji. Atashushwa." Akamtilia sukari kwa mkono wake mwenyewe. "Lakini kuuliza, Mama, kuuliza ni haki yako. Swali lako la robo mwaka bado unalo. Na wewe, kwa kuwa una mchango wa kihistoria, nitakutoa kwenye foleni. Uliza chochote."

Nambua alikunywa chai ile huku akifikiri. Na hapo ndipo wazo likamjia, wazo ambalo kwa siku tisa zilizofuata aliliona kuwa ndilo wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuyapata. Kama hawezi kutoa jibu, ataliweka ndani ya swali. Mjibu hatakuwa na kazi ya kufikiri, na kazi ya kufikiri ndiyo iliyokuwa ikichelewesha mambo. Aliomba karatasi, akaandika aya tatu za kuwatambua viongozi, kisha akaandika:

"Je, ni kweli kwamba mashine ya kusafishia damu ikifunga, mtu akirudisha tarehe nyuma siku moja, akaizima na kuiwasha, inafunguka?"

Neno moja tu lilihitajika, "Ndiyo", na Namba ya Jibu ingetoka.

Dokta Sengasu alilisoma swali. Akalisoma tena. Macho yake yakalowa. "Mama, tangu jukwaa lipangwe upya hatujapata swali kama hili. Limekaa sawa, lina mwanzo, lina mwisho. Huwezi kulijibu hapa chini, ni dhambi. Hili nalipandisha."

"Usilipandishe. Mjibu wa Daraja la Nne anatosha."

"Swali kama hili Daraja la Nne?" Aliumia kweli. "Hapana, Mama. Usijidharau."

*

Swali likapanda. Jumatano lilikuwa Daraja la Tatu, ambako walilisifu. Alhamisi lilikuwa Daraja la Pili, ambako walilisifu kwa maandishi. Ijumaa lilifika Daraja la Kwanza, na wao, baada ya kikao cha mchana kutwa, waliona kwamba swali zuri namna ile halina haki ya kujibiwa na mtu mwingine isipokuwa Mheshimiwa mwenyewe, kwa kinywa chake, siku ya kulizindua jukwaa, Alhamisi ya wiki inayofuata. Kwa kuwa swali lilikuwa limekwisha kupanda, hakuna aliyekuwa chini yake aliyeruhusiwa kuligusa.

Jumamosi dereva wa lori alifariki. Jumapili akafuata mkulima mmoja.

Jumatatu Nambua alipanda tena zile ngazi. Safari hii hakukaa kwenye kiti. "Baba, wamekufa wawili. Alhamisi ni mbali. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu."

Dokta Sengasu aligeuza kompyuta yake ili naye aone. Ilikuwa na mstari mwekundu ulioshuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. "Angalia, Mama. Tegemeo inatuletea kila siku idadi ya wahitaji wa ile mashine. Wiki iliyopita walikuwa sita. Leo wanne. Yaani fursa ya Kisuluti inapungua yenyewe, na jibu bado halijatoka. Mheshimiwa ameuona mstari huu, amefurahi sana. Ameagiza uwekwe kwenye hotuba."

"Wanakufa."

"Neno hilo halimo kwenye orodha, Mama," alisema kwa upole.

Nambua alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mahali pa kumshika. Angekuwa mkorofi angemtukana, angekuwa mla rushwa angempa. Huyu alikuwa mpole tu, laini kama sabuni, kila anapomkamata anateleza. Alishuka ngazi zote tano akijishikilia ukutani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kumpiga mtu.

Usiku ule alikufa mama lishe. Jumanne, mkulima wa pili. Jumatano binti aliyechumbiwa alisafishwa, lakini ilikuwa ni kwa maji na sanda. Tumpale alipiga simu kila mara, sauti yake ikiwa kavu, akitaja jina moja tu na kukata.

*

Alhamisi jukwaa likazinduliwa. Jukwaa lenyewe lilikuwa mtandaoni, lakini palijengwa na jukwaa la mbao, ili Mheshimiwa apate pa kusimama. Nambua alipewa kitenge cha sherehe na kiti cha mstari wa tatu, kati ya wajumbe wa Tume. Simu yake ilikuwa mapajani. Upande wa pili wa simu hiyo, Tumpale alikuwa amesimama kando ya mashine, tarehe amekwisha kuirudisha nyuma, kidole kikingoja namba. Kitandani, mirija imekwisha kuunganishwa, alilala Mwalimu Ntabaye, wa mwisho, redio ikiwa karibu na sikio lake.

Mheshimiwa alianza saa nne. Saa tano kasorobo alikuwa bado anatambua waliohudhuria. Alimtambua hata aliyefunga maturubai. Halafu akasema itifaki imezingatiwa, akaizingatia tena kwa upande wa pili wa ukumbi, akaonyesha mstari mwekundu unaoshuka, watu wakapiga makofi. Ndipo Nambua akaitwa mbele kusoma swali lake.

Alilisoma bila kutetemeka. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Alipomaliza, alimtazama Mheshimiwa machoni, kama mtu anavyomtazama anayehesabu chenji, akingoja neno moja.

Sasa lipo jambo ambalo Nambua, kwa ujanja wake wote wa mifumo, hakuwahi kulisoma, kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi karibu na wakubwa. Katika nchi ile "Ndiyo" lilikuwa neno la kupanda tu. Mdogo alimwambia mkubwa, mkubwa akamwambia mkubwa wake, mpaka juu kabisa. Halikuwa na njia ya kushuka. Mwananchi anasimama mbele ya kadamnasi na jambo lote kichwani mwake, kisha Waziri amwambie ndiyo? Ingekuwa ni kukiri kwamba mwananchi amelijua kabla yake. Wajibu wa madaraja yote walikuwa wamelipandisha swali lile kwa mapenzi makubwa, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba, kadiri linavyopanda, ndivyo jibu lake linavyobadilika.

Mheshimiwa alikohoa. Alilegeza tai.

"Hapana," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mheshimiwa, kwa kuona amepokelewa, akaongeza. "Ndugu zangu, tarehe haikuwekwa na mtu mmoja. Leo tukirudi nyuma siku moja kwa ajili ya mashine, kesho tutarudi wiki kwa ajili ya pampu, na keshokutwa mtajikuta mko kwenye ukoloni mnauliza nani amewaleta. Serikali yenu haitarudi nyuma. Wagonjwa nao wasonge mbele."

Kwenye skrini kubwa likatokea jibu, na namba yake, 0001, mtangazaji akaisoma redioni.

Simu ya Nambua ilikuwa imebaki kitini. Alipoifikia, Tumpale alikuwa anazungumza peke yake. "Dada, imeipokea namba. Imeandika, 'Njia hii imejibiwa: Hapana.' Sasa hata menyu ya tarehe imeondoka. Dada, nifanye nini? Dada?"

Nyuma yake ilisikika sauti ya mzee, nzito kwa maji yaliyojaa kifuani. "Mwambie asilie. Swali lilikuwa sahihi. Aliyekosa ni mjibu, na mimi ningempa sifuri." Akapumzika kidogo. "Mwambie pia shikamoo yangu ya Jumatatu hakuiitikia."

"Marahaba, Mwalimu," Nambua aliitikia kwa sauti katikati ya makofi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mdogo, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu kila mtu pale alikuwa anapiga kelele.

Mwalimu Ntabaye alifariki Jumamosi, saa tisa alasiri. Mstari mwekundu uligusa chini, na Kisuluti ikatajwa kuwa wilaya ya kwanza kumaliza fursa zake zote.

*

Wiki mbili baadaye Dokta Sengasu alikuja mwenyewe nyumbani kwa Nambua, ana barua na kuku. Nambua hakumkaribisha, lakini mlango ulikuwa wazi na mgeni alikuwa na adabu, akaingia.

"Mama, wewe ndiye mwananchi wa kwanza katika historia kujibiwa na Mheshimiwa. Haiwezekani ubaki hivi hivi. Umeteuliwa Mjibu, Daraja la Nne."

"Sitaki."

"Sikiliza kwanza. Kuna maswali elfu sita kwenye foleni. Majibu yake yote unayo wewe kichwani. Ukikataa, nitamteua nani? Binamu wa Mheshimiwa, ambaye hajui hata kuwasha?" Alisema hivyo bila hila, maana ndivyo ilivyokuwa. "Na ukishatoa majibu mia mbili, unapanda Daraja la Tatu. Daraja la Tatu wanaruhusiwa kupendekeza 'Ndiyo'."

Nambua aliitazama barua. Aliwaza wale elfu sita. Alijiambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba kuinama si kulala. Watu wengi wema wamekwisha kujiambia maneno hayo, na yeye aliyaamini kama walivyoyaamini wao. Jumatatu akaripoti.

Walimpa kompyuta mpya, kiti kinachozunguka, na kanuni zake. Kanuni zilikuwa fupi. Mjibu wa Daraja la Nne hujibu maswali ambayo yalikwisha kujibiwa na Mheshimiwa, tena kwa jibu lile lile. Mpaka siku hiyo Mheshimiwa alikuwa amejibu swali moja.

Na maswali ya jambo hilo moja yalikuwepo. Leseni za zile mashine zilikuwa zinakwisha moja baada ya nyingine, hospitali kwa hospitali. Yalipangwa mbele yake, na chini ya kila swali palikuwa na kitufe kimoja. Aliangalia la kwanza kutoka asubuhi mpaka saa tano. Kisha akakumbuka mia mbili, akabonyeza. La pili halikuchukua muda mrefu hivyo. Mpaka kufikia saa nane mchana alikuwa amejibu kumi na saba, na mkono wake ulikuwa umetulia.

La kumi na nane lilitoka Kisuluti.

"Dada Nambua," Tumpale aliandika, na kwa furaha aliruka itifaki yote. "Nimeona jina lako kwenye orodha ya Wajibu, nimelia, wenzangu wakadhani nimefiwa tena. Mungu ni mkubwa. Nimeletewa mgonjwa mpya, fundi baiskeli, ana miaka thelathini na moja, bado ana nguvu, anatania watu. Amesafishwa mara ya mwisho Ijumaa huko alikotoka. Nimempigia hesabu, tunao muda. Nijibu tu, mimi nimesimama hapa hapa kwenye mashine."

Nambua alisoma mpaka mwisho. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Aliweza kuondoka, na alilijua hilo. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini akiondoka, kiti kile kingekaliwa na binamu, na mia mbili zingebaki mia moja themanini na tatu milele, na "Ndiyo" isingependekezwa na mtu yeyote. Alijieleza hivyo kwa sauti ndogo, kama anavyoeleza mtu aliyeshikwa. Alimwomba Tumpale msamaha, akamwomba na yule fundi, ambaye jina lake alikuwa hajaambiwa.

Kisha akabonyeza, akabakiwa na mia moja themanini na mbili.

Kanuni za jukwaa jipya hazikuruhusu mwulizaji kuufunga ukurasa kabla hajamshukuru mjibu. Dakika sita zilipita. Halafu chini ya jibu lake pakatokea maneno mawili.

"Asante, dada."